Mzigo wote kwa pagazi mmoja

Najua nimekuwa adimu, na lawama zenu nimezipata zote. Kuna waliotuma meseji kuuliza kama bado nipo chuo au nimesharudi nyumbani kulima. Nipo. Ni mambo ya mwaka wa mwisho tu: utafiti, majaribio, na bumu ambalo likiingia linapita kama upepo.

Leo sina stori za hosteli wala za msosi. Nina jambo moja linaloniudhi kila semesta ikikaribia mwisho. Sisi tunaojiita wasomi, tunaoandika tasnifu na kutetea hoja mbele ya walimu, wengi tunaishi na nakala moja tu ya kila kitu tulicho nacho. Ikipotea hiyo, basi tena.

Wiki mbili zilizopita laptopu ya mwenzetu mmoja iligoma kuwaka. Akaipeleka kwa fundi mjini. Fundi akafanya kile ambacho mafundi wengi huanza nacho: akapiga Windows upya. Jioni laptopu ikarudi inawaka vizuri kabisa, na ndani hamna kitu. Madodoso aliyokuwa ameshayaingiza yote yamekwenda, sura tatu za tasnifu zimekwenda, picha za marehemu mama yake zimekwenda. Fundi akamwambia, "Dada, mbona hukuniambia kuna vitu?"

Kila aliyesikia habari ile alisema neno lile lile: si angeweka kwenye flashi? Jamani, aliweka. Flashi ilikuwa na sura ya kwanza peke yake, tena ile ya kabla ya masahihisho ya msimamizi. Hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Kuhamisha faili mbili tatu kwenye flashi siku unapokumbuka, kwa mtazamo wangu, hakutoshi kuitwa bakapu. Ni kujipa moyo tu.

Tuanzie hapa hapa Unyanyembe

Sisi tunaosomea ualimu wa historia hapa Tabora hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Nje kidogo ya mji, pale Kwihara, lipo lile tembe ambalo leo ni makumbusho ya Livingstone. Wengi tumepelekwa pale tukapiga picha mlangoni tukaondoka. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita huku, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba kila kitu kichwani na mabegani: nguo, shanga, pembe, na makaratasi ya wageni.

Livingstone alilijua tatizo letu hili kabla ya umeme. Januari 1867, huko ambako leo ni kaskazini mwa Zambia, wapagazi wawili walitoroka na mzigo uliokuwa na sanduku la dawa zake. Dawa zote zilikuwa humo. Hakuwa amezigawa hata kidogo kwenye mzigo mwingine. Miaka iliyofuata aliugua mno, na kwa muda mrefu hakuwa na dawa za maana.

Makaratasi yake, kwa bahati, yalikwenda tofauti. Mwaka 1871 akiwa mashariki mwa Kongo karatasi zilimwishia. Akaanza kuandika shajara yake juu ya gazeti kuukuu la Uingereza, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino aliojitengenezea kwa mimea. Aliporudi Ujiji akayanakili maandishi yale kwenye daftari kubwa. Stanley akamkuta huko mwaka huo huo, wakaja pamoja mpaka Kwihara Februari 1872. Tarehe 14 Machi 1872 Stanley akaondoka kuelekea pwani, akiwa na daftari lile limefungwa kwa lakiri, apeleke Uingereza kwa binti yake Livingstone. Mzee mwenyewe akabaki Kwihara kusubiri wapagazi, akaondoka Agosti.

Tarehe 1 Mei 1873 Livingstone alifariki kwa Chitambo. Daftari kubwa lilikuwa limeshafika Ulaya tangu mwaka uliotangulia. Yaliyobaki hatarini yalikuwa maandishi ya miezi ya mwisho tu, na hayo yaliokolewa na Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao, walioubeba mwili na makaratasi kwa miguu. Walipita hapa hapa Unyanyembe mwaka 1873. Mwingereza Cameron waliyemkuta huku akawashauri wauzike mwili. Wakakataa, wakaendelea mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Kwa maoni yangu hao ndio wangestahili sanamu pale Kwihara, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Sasa sikiliza sehemu inayonigusa zaidi. Mwaka 2011 kundi la wataalamu likiongozwa na Adrian Wisnicki lilitangaza kwamba limefanikiwa kuyasoma yale maandishi ya kwenye gazeti, ambayo wino wake ulikuwa umefifia mno. Waliyapiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali. Wakakuta kwamba alichokiandika Livingstone kwenye gazeti na alichokinakili kwenye daftari si kitu kimoja. Tofauti ziko hasa kwenye habari za mauaji ya sokoni Nyangwe, tarehe 15 Julai 1871, ambapo watu wenye bunduki wa wafanyabiashara waliua mamia ya watu, wengi wao wanawake waliokuja kuuza na kununua. Kwenye daftari, mambo kadhaa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe yamelainishwa. Kwa miaka 140 dunia ilisoma nakala iliyochaguliwa.

Unaona ninapoelekea? Unaponakili kwa mkono, unachagua. Na unachagua kwa akili ya leo, wakati hujui kesho utahitaji nini.

Tofauti ya kunakili na kukloni

Kukloni diski maana yake ni kuinakili diski nzima jinsi ilivyo: Windows yenyewe, programu zote, faili zako, zile zilizojificha, mpangilio wa skrini, hata ile folda uliyoisahau ya mwaka wa kwanza. Programu haikuulizi kipi ni muhimu. Inachukua vyote.

Kuna namna mbili, na watu wengi wanazichanganya. Ya kwanza ni diski kwenda diski: unaishia na diski ya pili pacha wa ile ya kwanza. Ya kwanza ikifa unachomoa, unaweka pacha, laptopu inawaka kama vile hakijatokea kitu. Ya pili ni diski kwenda faili, wenyewe wanaita taswira. Diski yako yote inabanwa na kuhifadhiwa kama mafaili makubwa ndani ya diski ya nje. Huwezi kuwasha kompyuta kwa taswira moja kwa moja, lazima kwanza uirudishe kwenye diski. Faida yake ni kwamba diski moja ya nje inaweza kubeba taswira za watu kadhaa, au zako za semesta tatu.

Kwa mwanafunzi, mimi napigia kura taswira. Pacha ni mzuri ukiwa unabadilisha diski, kwa mfano unapotoa ile ya zamani inayozunguka na kuweka SSD. Na hilo nawashauri, maana hizi laptopu zetu za mtumba hufufuka kabisa ukiweka SSD.

Programu ipi?

Hapa ndipo vijana wa kompyuta wanapoanza kubishana mpaka usiku wa manane. Mimi nitasema kwa kifupi.

Wakubwa wetu walikua na Norton Ghost. Ilianzia New Zealand miaka ya 1990, kampuni ya Symantec ikainunua mwaka 1998, na mwaka 2013 ikaacha kuuzwa. Mpaka leo bado unaweza kupewa kopi yake kwenye flashi ya mtu. Achana nayo. Diski na kompyuta za sasa zimebadilika mno tangu wakati ule.

Acronis ni nzuri lakini ni ya kulipia. Macrium Reflect ilikuwa na toleo la bure lililopendwa sana, ila masasisho yake yalikoma Januari 2024. Najua mnachowaza: si tutafute ile iliyokrakiwa? Hapana jamani. Unataka programu itakayogusa kila kitu ulicho nacho, halafu unaichukua kwa mtu usiyemjua, imeshachezewa? Ni sawa na kumkabidhi ufunguo wa nyumba mlinzi uliyemwokota stendi.

Chaguo langu ni Clonezilla. Ni ya bure kihalali, inatoka Taiwan, na faili lake la kupakua ni chini ya GB 1. Unaliweka kwenye flashi kwa kutumia programu kama Rufus, unazima laptopu, unaiwasha kwa kupitia ile flashi. Sura yake inatisha, ni maandishi matupu na unatumia vitufe tu. Ukiogopa, chukua Rescuezilla. Nayo ni ya bure, ni kubwa zaidi kupakua, lakini ina madirisha na unatumia kipanya kama kawaida. Taswira iliyotengenezwa na Clonezilla inafunguka ndani ya Rescuezilla, kwa hiyo hufungwi na mmoja.

Lakini nawaambia ukweli, ubishi wa programu ndio sehemu ndogo kuliko zote. Nimeona waliopakua zote tatu na hawajawahi kuhifadhi hata diski moja. Yanayoangusha watu ni haya yafuatayo.

Kwanza, chanzo na mwisho. Programu itakuuliza unatoa wapi na unapeleka wapi. Ukigeuza, utainakili diski tupu juu ya diski yenye tasnifu yako, na hapo hakuna cha kumlilia. Soma jina la diski na ukubwa wake mara mbili. Kama laptopu yako ni ya GB 500 na diski ya nje ni ya TB 1, ukubwa utakuonyesha ipi ni ipi.

Pili, kutoka kubwa kwenda ndogo. Ukikloni pacha, Clonezilla kwa kawaida inataka diski ya mwisho ilingane na ya kwanza au iizidi, hata kama ya kwanza nusu yake ni tupu. Anayetoka GB 500 kwenda SSD ya GB 240 lazima kwanza apunguze ukubwa wa patisheni. Usiifanye peke yako mara ya kwanza.

Tatu, umeme. Kwa USB 2.0 tuseme unapata MB 30 kwa sekunde. Diski yenye mzigo wa GB 120 itachukua zaidi ya saa moja. Kwa USB 3.0 inaweza kuwa chini ya nusu saa. Wengi wetu betri zimekufa, laptopu inaishi kwa waya. Umeme ukikatika wakati wa kuhifadhi, unapoteza muda tu, maana diski yako ilikuwa inasomwa, haiandikwi. Ukikatika wakati wa kurudisha, diski inabaki nusu nusu na itabidi uanze upya. Kwa hiyo azima laptopu yenye betri nzima, au fanya kazi hiyo pale penye jenereta.

Nne, kufuli. Windows za siku hizi, hasa laptopu mpya, nyingine zinafunga diski kwa BitLocker bila wewe kujua. Tafuta ufunguo wa kurejesha kwenye akaunti yako ya Microsoft, uandike kwenye daftari. Bila huo, una taswira ya kitu usichoweza kukifungua.

Tano, ukimaliza kukloni pacha, usiwashe kompyuta ikiwa na diski zote mbili. Zina utambulisho mmoja na Windows itachanganyikiwa. Chomoa moja.

Na ya sita, ambayo karibu kila mtu anairuka: jaribu. Mwaka 1998 pale Pixar, Marekani, mtu alifuta kwa amri moja sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2. Walipokimbilia bakapu wakakuta ilikuwa haifanyi kazi sawasawa, na hakuna aliyekuwa amegundua. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mfanyakazi aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu ana mtoto mchanga. Kampuni kubwa kiasi hicho! Clonezilla ina sehemu ya kukagua kama taswira inaweza kurudishwa. Itumie. Ukipata diski chakavu ya pembeni, irudishe humo uone kama inawaka.

"Mbona kuna wingu?"

Hoja hii naiheshimu. Google inakupa GB 15 za bure. Kwa tasnifu, madodoso na mitaala ya masomo inatosha kabisa, na kila unapomaliza kuandika usiku, tuma nakala huko. Clonezilla haiwezi kufanya kazi hiyo, maana hakuna atakayekloni diski kila siku. Ila nani mwenye bando la kupandisha GB 120? Na ukipigiwa Windows upya, wingu halikurudishii programu ya takwimu uliyohangaika kuiweka, wala mipangilio yako. Kwa hiyo wingu kwa kazi ya kila siku, taswira nzima kwa kila semesta. Viwili hivi ni ndugu.

Wengine wanasema kukloni kunabeba na virusi. Kweli kabisa. Ndiyo maana safisha kwanza, na usibaki na taswira moja unayoifuta kila mara. Baki na ya semesta hii na ya iliyopita. Na diski ikishamaliza kazi, ichomoe. Diski iliyochomekwa muda wote italiwa na virusi siku ile ile laptopu inapoliwa.

Kuhusu gharama: wanne wa chumba kimoja wakichanga, diski moja ya TB 1 inawatosha. Au mwambie fundi akuuzie kava ya USB, uweke diski uliyoitoa kwenye laptopu iliyokufa, mradi diski yenyewe ni nzima. Ila jueni kwamba taswira ina kila kitu chako, pamoja na nywila na picha za siri. Changeni na watu mnaoaminiana.

Na isikae pamoja na laptopu! Nawaona wikiendi za kufunga chuo, mtu anapanda basi na begi moja, ndani kuna laptopu, diski ya nje na flashi, vyote mfuko mmoja. Mwizi wa begi hachagui. Huo ndio mzigo wa pagazi mmoja. Daftari la Livingstone lilipona kwa sababu lilikwenda na mtu mwingine, kwa njia nyingine, kabla mwenyewe hajapatwa na lolote. Diski iache kwa shangazi, kwa jirani, kwa rafiki asiyesafiri.

Kwa nini nasema na walimu

Ningeweza kuishia hapo, ila kuna jambo kubwa kuliko tasnifu zetu. Mwaka ujao wengi wetu tutakuwa tunafundisha, wengine Sikonge, wengine Urambo, wengine Kaliua. Waliokwenda mazoezi ya kufundisha wanajua: shule ina chumba cha kompyuta, kimefungwa kufuli. Ndani kuna mashine za msaada, nusu haziwaki. Mwalimu aliyekuwa anazijua alihama. Fundi anatoka mjini kwa nauli ya shule, anapiga Windows mashine moja moja, mwezi ujao mambo ni yale yale.

Kama mashine ni za aina moja, mwalimu mmoja anaweza kuiandaa moja vizuri, na programu za bure na vitabu ndani, akaichukua taswira yake, akairudisha kwenye zote zilizobaki. Zikiharibika tena muhula ujao, anarudia kwa siku moja bila kumwita mtu. Ukitumia Linux hata suala la leseni halipo. Hiki ni kitu ambacho mwalimu wa historia anaweza kukifanya, hahitaji shahada ya kompyuta. Lakini hatakifanya kazini kama hajawahi kukifanya kwenye laptopu yake mwenyewe.

Ndiyo maana nasema tuanze sasa. Semesta inafungwa baada ya wiki tatu. Ninayo flashi yenye Rescuezilla, na Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi nitakuwa pale kwenye mwembe nyuma ya maktaba, karibu na soketi ya kibarazani. Njoo na diski yako ya nje na chaja. Anayebisha kuhusu programu naye aje, tutabishana huku GB zinahama.

Ni hayo tu kwa leo. Msimamizi wangu ananisubiri na sura ya nne.